Diski ya kompyuta ya nyumbani imekufa, ununue ipi? Nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ile ya kukimbia

Mwaka jana desktopu yetu ya mtumba ilianza kutoa mlio kama mtu anagonga kucha mezani, tak tak tak, kimya kidogo, tak tak tak tena, kesho yake asubuhi haikuingia Windows kabisa, skrini nyeusi na maandishi kwamba haioni diski ya kuwashia. Humo ndani kulikuwa na picha za binti yetu toka anazaliwa na hesabu za duka la mama watoto, kwa hiyo naelewa mtu akifika hapo anavyochanganyikiwa, anakimbia Kariakoo anaingia duka la kwanza na kubeba chochote anachopewa. Nisingependa likukute.

Kabla ya kutoa hela, chomoa waya wa umeme. Diski inayogonga hivyo mara nyingi maana yake kile kichwa cha kusomea kimeshindwa kukaa kwenye njia yake, na kila ukiwasha tena kujaribu bahati kinaweza kukwangua zile sahani zenye vitu vyako. Usiifungue na usiiweke friza kama watu wanavyoshauriana. Fundi akisema anakupigia Windows upya juu ya diski hiyohiyo, mkatalie kabisa, maana kikishaandikwa kitu kipya juu ya picha zako ndo basi tena. Kama haigongi ila imekuwa nzito tu na inasoma kwa kusuasua, hapo una nafasi: itoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, nakili kwanza picha na nyaraka, mamuvi baadaye. Anayeijua Linux (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows) atumie ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka halafu ndo inarudi kwenye mbovu. Ikiwa inagonga na vya ndani huwezi kuvikosa, ifunge kwenye mfuko uiweke pembeni mpaka upate mtu wa kurejesha data mwenye vifaa kweli.

Haya, sasa ununuzi.

Namba moja kwa mashine nyingi za majumbani ni SSD, yaani diski inayotunza vitu kwenye chipu badala ya sahani zinazozunguka, ya SATA (hiyo ni aina ya plagi) ya inchi 2.5, ya GB 480 au 500, mpya. Inatumia plagi zilezile za diski ya zamani, kwenye laptopu inakaa palepale, na kwenye desktopu hata ukiikaza kwa skrubu mbili inatosha kwa sababu haina kitu kinachozunguka. Diski ya kuzunguka inasoma kama MB 100 mpaka 150 kwa sekunde, hii inafika 550, ila utamu wenyewe uko kwenye vifaili vidogovidogo ambavyo Windows inavitafuta muda wote, yetu ilikuwa inawaka kwa dakika mbili na zaidi, sasa hata nusu dakika haifiki. Ukiwa na hela chukua Samsung 870 EVO, ina memori yake ya ndani na waranti ya miaka 5. Ukibana bajeti Kingston A400 inatosha, ndo niliyochukua mimi, waranti miaka 3. Watu wanaogopa eti SSD inaisha ukiiandika sana, sikiliza, A400 ya GB 480 imekadiriwa kuandikwa TB 160, yaani GB 160,000, nyumba inayoandika GB 20 kila siku itachukua zaidi ya miaka 20 kufika huko. Ile ya GB 120 iache, Windows na masasisho yake inaijaza mapema sana.

Namba mbili ni SSD ya aina ya NVMe, ile nyembamba kama kipande cha bigijii, na kama laptopu yako ni ya kuanzia 2018 hivi huenda hii ndo namba moja yako maana zingine hazina sehemu ya kuweka nyingine. Ni kasi kweli, nyingi zinafika MB 3,500 kwa sekunde au zaidi, ila kwa Excel na kazi za shule hutaona tofauti kubwa na SATA. Angalia mtego huu: kuna sloti inayofanana kabisa lakini inakubali SSD nyembamba za SATA tu. NVMe kwa kawaida ina pengo moja kwenye meno yake, ya SATA mara nyingi ina mawili. Urefu nao unatofautiana, 2280 ni milimita 80, 2242 ni 42. Nenda na ile ya zamani mkononi, au hata picha yake.

Namba tatu, diski mpya ya kuzunguka ya TB 1. Ya kutunzia vitu tu, Windows usiiweke humo.

Namba nne ni diski ya kuzunguka ya mtumba. Ukilazimika, mwambie muuzaji aiunganishe mbele yako afungue CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, uone masaa iliyowaka, 26,000 ni karibu miaka mitatu bila kuzimwa, na ikionyesha rangi ya njano au nyekundu rudisha.

Ya mwisho, jamani, hii naomba mnielewe, ni zile SSD za nje zinazoandikwa TB 4 au 16 kwa bei ya kutupa. Nimefungua moja ya jirani, ndani ni kadi ya memori kama ya simu imegandishwa kwa gundi, imedanganywa ionekane kubwa, unajaza picha zinaonekana zimeingia na siku ukifungua hazifunguki. Hata uliyonunua kwa bei nzuri ipime siku hiyohiyo na H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, inaijaza yote kisha inasoma tena, na risiti usitupe.

Kupiga Windows unahitaji fleshi ya GB 8 na programu ya bure ya Microsoft, na kama mashine ilikuwa na leseni ya kidijitali mara nyingi inaitambua yenyewe kwa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine isiyopokea Windows 11 iwekee Linux Mint, aina mojawapo ya ile Linux.

Ikibaki hela kidogo, rudi uchukue ile namba tatu iwe ya bakapu. Picha zetu za mwaka wa kwanza tulizipata kwenye simu ya shangazi yake mtoto aliyekuwa anatumiwa WhatsApp, zimefifia lakini zipo. Hesabu za duka hatukuzipata.