Mashua ya mtumba Matema: nililipia rangi, mbao nikazikuta baadaye

Nimekaa na mashua hii mwaka na ushee sasa, kwa hiyo naweza kuizungumzia bila hasira. Ni ya mbao, futi 14, mlingoti mmoja na tanga la pembetatu kama zile za pwani. Ililetwa Ziwa Nyasa kwa lori miaka mingi nyuma, ikawachosha wenyewe, ikaachwa chini ya mwembe pale Matema, omo, yaani mbele yake, ikitazama Milima ya Livingstone. Mimi ni fundi friji wa Mbeya mjini. Mambo ya tanga nilikuwa nayaona kwenye picha tu.

Muuzaji alitaka laki nane, tukamalizana kwa laki sita na nusu. Rangi ya bluu ilikuwa mpya, inang'aa, nami nikajua hapa pana matunzo. Leo ningekwenda na kisu kwanza. Unachoma ubao pale unapokutana na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, unachoma kitako cha kila taruma, zile mbavu za ndani, unachoma tezini, yaani nyuma, chini ya kikalio. Ubao mzima unagoma. Uliooza unapokea ncha kama andazi. Yangu ilipokea sehemu tisa, na zote nilizigundua hela ikiwa imeshaondoka.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la kwangu mwenyewe. Mbao zilikuwa zimekauka hadi laini ya simu ingepenya kati ya ubao na ubao. Nikamwita rafiki yangu wa gereji, tukajaza bodifila, ileile ya kunyooshea milango ya gari, tukapiga msasa ikawa laini kama shavu la mtoto. Tukaishusha majini. Mbao zikanywa maji, zikavimba, bodifila ikaanza kubanduka vipande vipande. Kufika saa saba mchana mashua ilikuwa imekalia mchanga wa chini, mlingoti tu ndio unaonekana. Watoto waliokuja kuosha vyombo wakanisaidia kufua maji kwa sufuria za mama zao, huku wakicheka waziwazi.

Hapo ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa pwani aliyeoa Kyela. Aliizunguka mara mbili, akagonga huku na kule, akasema: "Mwanangu, chombo hiki hakikuharibiwa na ziwa. Kimeharibiwa na huo mwembe." Kumbe chumvi ya bahari husaidia kuzuia mbao kuoza, na maji baridi hayana msaada huo. Mvua za Kyela mnazijua: maji yanatuama kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, majani yanaozea humo, ubao unafuata. Afadhali ya ziwa ni moja, hakuna wale minyoo wa baharini wanaotoboa mbao.

Kumtazama akitia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Alisokota pamba iliyolowa mafuta, akaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, tena kwa mkono mwepesi. Nikamwambia, mzee, kaza. Akanijibu kwamba ubao ukishiba maji utakaza wenyewe. Kila msumari aliuzungushia uzi wa pamba chini ya kichwa kabla ya kuupigilia. Halafu akaizamisha makusudi kwenye maji ya magoti, siku tatu, na akakataa kabisa kuipandisha mapema.

Mbao za paina nilizobeba kutoka Mafinga alizikubali kwa vikalio tu. Ubavuni alitaka mninga. Mlingoti nilinunua njiani Tukuyu, na ilikuwa vituko, maana kwetu huku mkaratusi wenyewe ndio unaitwa mlingoti. Muuza nguzo aliniuliza mlingoti wa mlingoti ni kitu gani. Ulikuwa mzito, ukapigwa randa siku nzima. Tanga la kwanza alishona fundi cherehani wa mjini, turubai bapa kama pazia. Halikushika upepo vizuri kwa sababu tanga linatakiwa liwe na tumbo. Tukashona lingine.

Jumla ilifika 2,435,000, pamoja na siku 19 za fundi na majaketi okozi mawili, bila nauli. Mzee aliniambia baadaye, kwa upole, kwamba kwa hela ile angeniundia mpya.

Kuendesha nako kuna yake. Kuanzia Mei hivi kuna upepo wa kusini, mwera. Matema iko ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo mawimbi yanakuja na nguvu za safari yote hiyo. Siku hizo mashua yangu inabaki nchi kavu, imefunikwa, tena mbali na mwembe.

Mashua naipa nyota mbili, mzee tano, bodifila hata nusu haipati.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kijiji cha Ikombe, kwa wafinyanzi wa Kikisi, kwa kasia alfajiri, ziwa limelala, tukarudi kwa tanga na vyungu viwili vya Wakisi vimefungwa kanga hapo tezini. Bado inavuja karibu na usukani, makopo mawili kwa saa. Mke wangu ndiye mwenye kopo.