Kayaki ya kukaa juu au ya kuingia ndani?

Kwa huku Kilifi mimi nasema wazi, kama ndo unajifunza kayaki, yaani kale kaboti kembamba ka kupiga kasia, anza na ya kukaa juu. Maji ya Bahari ya Hindi yana joto mwaka mzima, kulowa si shida, na ile kayaki ina matundu yaliyotoboka mpaka chini kwa hiyo wimbi likiingia maji yanashuka yenyewe, huhitaji kopo wala pampu. Halafu ikipinduka, na kwa anayejifunza itapinduka tu, unaigeuza, unajivuta unalala kifudifudi katikati huku miguu inapiga maji nyuma, unajizungusha taratibu mpaka kwenye siti, basi safari inaendelea.

Ya kuingia ndani ikijaa maji katikati ya kriki (ule mkono wa bahari unaoingia bara) ni habari nyingine kabisa, inakuwa nzito, inayumba, utapiga pampu we mpaka mikono ife ganzi, ndo maana watu wanafundishwa kwanza kuchomoka ikiwa imepinduka kabla hawajaenda mbali.

Ila tusiionee jamani. Hii ya kuingia ndani, ile ya kwenda baharini, ni ndefu na nyembamba, umekaa chini, kusi ikivuma haikusukumi ovyo, na ukishafunga kiunoni ile sketi, kitambaa kinachoziba tundu unalokalia maji yasiingie, unakuwa kitu kimoja na chombo. Kule Jinja kwenye maji makali ya Nile wanatumia aina hii hii ila fupi, mtu anapinduka na kujiinua kwa kasia bila kutoka.

Uzito nao uangalie, ya kukaa juu ya plastiki nyingi zinavuka kilo 25, kuibeba peke yako mpaka majini si mchezo, tafuta mwenzako ashike upande wa pili.