Kwa Meli Mtoni Rhône, Lyon hadi Arles: Uzoefu Wangu

Kama unafikiria kulipia safari hii ya Ufaransa, swali la kwanza kwa wakala liwe hili: lango la maji la Bollène tutapita saa ngapi? Kutoka Lyon hadi baharini mto umejengewa mabwawa, na meli hushushwa kwa malango 12 ya maji, yaani vyumba ambavyo maji yake hupunguzwa ili meli ishuke. Mengi tuliyapita usiku abiria wamelala. Hilo lilinikera, maana tangazo liliyasifia malango hayo hayo. Bollène, kwa bahati, tuliikuta asubuhi.

Meli inaingia kwenye chumba cha zege chenye upana wa mita 12, ukinyoosha mkono unagusa ukuta. Mlango wa nyuma unafungwa. Baharia anazungusha kamba kwenye kigingi cha chuma kinachoelea, kisha maji yanaanza kupungua. Kigingi kinateremka pamoja nasi, kikilia ndani ya mfereji wake, na ukuta uliolowa unazidi kurefuka juu yetu. Tulishuka karibu mita 23, na chai haikumwagika hata tone. Lango hili lilifunguliwa mwaka 1952!

Ukitaka kujua thamani yake, fikiria hali ya zamani. Mkondo wa Rhône ulikuwa mkali, umejaa mafungu ya mchanga. Kushuka zilitosha siku chache, lakini kupanda hadi Lyon mashua zilivutwa na farasi kutoka ukingoni kwa wiki kadhaa. Ndipo mwaka 1933 ikaundwa kampuni ya Compagnie Nationale du Rhône, ikabidhiwa kazi tatu kwa pamoja: umeme, usafiri wa majini na umwagiliaji. Mjini Avignon utaona nguvu ya mto wa enzi hizo: daraja la Saint-Bénézet lilikuwa na matao 22, mafuriko yakalibomoa mara kwa mara, leo yamesimama manne.

Mengi ya haya nilijisomea mwenyewe. Mwongozaji wetu aliyapitia mbio mbio, nami nilitamani sana atulie hapo. Chakula kizuri, vyumba visafi. Beba koti, upepo wa mistral hauna huruma.

Ukifika Arles usikimbilie treni. Nenda jumba la makumbusho la mambo ya kale ukaone mashua ya mizigo ya Warumi, urefu mita 31, iliyoopolewa mtoni humo mwaka 2011. Kwangu hiyo peke yake ilistahili nauli.