Biblia yenye marejeo, ikipimwa kwa mada ya uvumilivu wa Mungu

Biblia ya kujifunzia hupimika vizuri zaidi kwa mada moja ngumu kuliko kwa kufunguliwa hapa na pale, na mada niliyoichagua kuipimia hii ni uvumilivu wa Mungu na nafasi anayompa mwanadamu ya kutubu. Mada hiyo inapita katika vitabu vingi, tangu Mwanzo hadi Ufunuo, na ina pande mbili zisizofaa kutenganishwa: kwamba Mungu hakimbilii kuadhibu, na kwamba muda anaoutoa una mwisho. Toleo hili, lenye maandishi ya tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, lina safu ya marejeo katikati ya ukurasa, tanbihi fupi chini, vichwa vidogo vya habari, na itifaki mwishoni, yaani orodha ya maneno na aya yanamopatikana. Niseme mapema kwamba safu ya marejeo imefanywa kwa umakini mkubwa, na kwamba tanbihi hazikuifikia hata kidogo.

Nilianzia Kutoka 34:6, ambapo BWANA anapita mbele ya Musa na kujitangaza kuwa si mwepesi wa hasira, na hayo ni baada ya Israeli kuiabudu ndama. Safu inampeleka msomaji Hesabu 14:18, Nehemia 9:17, Zaburi 86, 103 na 145, Yoeli 2:13, Yona 4:2, kisha Nahumu 1:3. Anayezifuata aya hizo kwa mpangilio huo huona jambo ambalo hakuna tanbihi inayoligusa. Katika Yona, sifa ile ile iliyoimbwa katika Zaburi imekuwa nung'uniko, kwa sababu Ninawi, mji ambao nabii alitamani uangamie, ulipewa siku 40 na ukazitumia kuiacha njia yake mbaya. Nahumu naye analirudia tamko hilo juu ya mji ule ule, ila sasa linafuatwa na onyo kwamba mwenye hatia hatahesabiwa kuwa hana hatia, na Ninawi ilianguka mwaka 612 kabla ya Kristo. Mji mmoja, tamko moja, na matokeo mawili yaliyo mbali kama mbingu na nchi; safu nyembamba ya tarakimu imeyaweka hayo mbele ya msomaji bila kuongeza neno lake lolote.

Habari za Manase, mfalme wa Yuda, nazo zimeunganishwa vyema. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 21, kinasimulia miaka 55 ya utawala wake, sanamu zake na damu isiyo na hatia aliyoimwaga, bila kutaja toba yake popote. Marejeo yanaelekeza 2 Mambo ya Nyakati 33, ambako mfalme huyo huyo anachukuliwa kwa pingu hadi Babeli, anajinyenyekeza, anaomba, na kurudishwa Yerusalemu. Kilichonifurahisha ni kwamba hayakuishia hapo, kwani yanampeleka msomaji pia 2 Wafalme 23:26, panapoeleza kwamba ghadhabu juu ya Yuda haikuondoka kwa ajili ya machukizo ya Manase. Mtu alisamehewa, na taifa likabaki na madhara ya matendo yake. Mhariri mwenye haraka angeliacha rejeo hilo la tatu ili mambo yasimchanganye msomaji.

Kasoro kubwa iko katika Luka 13. Yesu anapashwa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na mara mbili anawaambia wanaomsikiliza kwamba wasipotubu wataangamia wote vivyo hivyo. Papo hapo anasimulia mfano wa mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda, na mtunza shamba anayeuombea mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutilia samadi. Toleo hili limepachika kichwa kidogo kati ya aya ya 5 na ya 6, tena kwa wino mzito na nafasi pana, hata mfano ukaonekana kuwa habari nyingine kabisa. Tanbihi chini yake inasema kwamba Mungu hutoa nafasi nyingine, jambo ambalo ni kweli, kisha inanyamaza kuhusu maneno ya mwisho ya mtunza shamba huyo huyo, kwamba usipozaa, ndipo ukatwe. Wala haisemi kwamba mfano unakoma bila kutuambia iwapo mtini ulizaa, ilhali hapo ndipo msomaji anapobanwa.

Itifaki ni ya wastani. Kwa kuwa imepangwa kwa maneno tu, anayetafuta "tubu" hataoneshwa Yona 3, ambako watu wanageuka na kuacha uovu bila neno hilo kutumika, ingawa Mathayo 12:41 inasema wazi kwamba walitubu. Karatasi ni nyembamba lakini wino haupenyi, na tarakimu za marejeo zinasomeka bila shida hata kwenye mwanga hafifu.

Ningempendekezea mhubiri na mwalimu wa kikundi cha Biblia wainunue kwa ajili ya safu ya katikati, na maelezo wayatafute kwingine. Mwishoni kuna ukurasa wenye orodha ya usomaji juu ya toba. Orodha hiyo ina Ezekieli 33:11, Warumi 2:4 na 2 Petro 3:9, zote zikistahili kuwamo, lakini imeacha Mhubiri 8:11, inayoonya kwamba hukumu isipotekelezwa upesi mioyo ya watu huzidi kujiimarisha katika uovu, na Ufunuo 2:21, juu ya yule mwanamke Yezebeli wa Thiatira aliyepewa muda wa kutubu asitake. Wachapishaji wakitoa chapa nyingine hawatahitaji kuongeza karatasi, kwa maana nusu ya ukurasa huo iko tupu.