Unanunua chandarua? Pima kimo kabla ya kutoa hela

Mwezi wa nne nilinunua Kariakoo chandarua cha sita kwa sita, shilingi 25,000, kimeshonwa lesi pembeni. Muuzaji akasema, "Mama, hiki kinaenea kitanda chochote." Upana kilienea kweli. Kushuka ndiko kulikoshindikana: godoro letu ni la inchi 10, nacho kikaishia katikati yake. Mwanangu akijigeuza usiku, kinachomoka. Wiki ya tatu tukawa zahanati, ana malaria.

Wateja huuliza upana na rangi, kimo hakiulizwi. Piga hesabu. Tuseme chandarua kina kimo cha sentimita 150. Toa 25 za godoro, toa 30 za kuchomeka chini yake, zinabaki 95. Ukikaa kumnyonyesha mtoto, paa likilegea kidogo tu linakugusa kichwani, na ngozi iliyogusana na chandarua mbu huing'ata kupitia matundu. Cha 180 kinakuachia 125. Nenda na tepu ya fundi cherehani, fungua pakiti, pima mbele ya muuzaji. Akikasirika, ondoka.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi, ni Olyset Plus ya pembe nne yenye kimo cha 180. Olyset hutengenezwa kwetu Arusha, kiwanda cha A to Z. Dawa yake, permethrin, imo ndani ya uzi wenyewe, haikupakwa juu, na hiyo Plus imeongezwa PBO, kemikali inayomvunja nguvu mbu aliyezoea dawa. Matundu yake ni mapana, kwa hiyo hewa inapita. Kwa joto la Dar la Januari hilo ni jambo kubwa. Kifungue, kitundike kivulini siku nzima kabla ya kulalia. Ukifua, tumia sabuni ya kawaida, usitie jiki, na anika kivulini.

Cha pili ni PermaNet, uzi wake laini zaidi. Cha tatu ni cha mviringo: kinapendeza na kinataka ndoano moja tu, ila juu kimebana, mkilala watatu viwiko vinagusa. Visivyo na dawa vya kutandazwa barabarani, pita.

Na usingoje giza ndipo ukitumie. Mbu wa dengue, iliyotusumbua Dar mwaka 2019, hung'ata mchana, kwa hiyo mtoto akilala saa nane alasiri naye alale ndani yake.

Kinachoniuma ni wauzaji. Pakiti nyingi nilizoshika hazikuandikwa kimo, na masika ikianza bei inapanda wiki hiyohiyo. Kibaya zaidi ni vile vya bure. Mjamzito hupewa chandarua kliniki, na mtoto hupewa anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Juzi nimevikuta sokoni juu ya meza, 15,000 kimoja, na mama mwenye mimba kubwa amesimama anaomba apunguziwe.