Kihisi cha sukari ndani ya Ramadhani: kinachoonekana na kisichoonekana

Nilikibandika nyuma ya mkono kabla mwezi haujaandama. Mimi kijana, sina kisukari; nilitaka tu kujua mwili unafanya nini kati ya daku na magharibi.

Kukivaa hakuna kazi. Sindano huchomeka na kutoka papo hapo, ukabaki uzi laini chini ya ngozi. Kinapima sukari ya majimaji yaliyo kati ya seli, si damu yenyewe, hivyo namba huchelewa dakika kadhaa. Gundi ilistahimili udhu na jasho.

Mchana ndio ulionishangaza. Nilidhani mstari wa sukari kwenye simu ungeporomoka kadiri njaa inavyokaza. Wapi! Ulishuka polepole, ukatulia kwenye kiwango cha kawaida cha mtu ambaye hajala, miligramu 70 hadi 99 kwa desilita. Utulivu huo ni kazi ya homoni: insulini inashuka, glukagoni inapanda, ini linaachia sukari liliyoiweka akiba, na akiba ikipungua mafuta yanashika zamu. Na ile njaa ya saa saba mchana, inayobana kisha ikaondoka yenyewe? Kwenye mstari haipo kabisa. Hiyo ni ghrelini, homoni ya tumboni iliyotambuliwa mwaka 1999. Hupanda karibu na saa ulizozoea kula, halafu hushuka hata usipotia kitu mdomoni.

Mpando mkali ni wa futari. Nikianza na kinywaji chenye sukari, mstari ulisimama wima. Nikianza na maji na protini, vitamu vikaja mwisho, ulipanda kwa upole. Kwa hilo peke yake kifaa kimelipa.

Lawama ninazo. Ukilalia mkono, mgandamizo hukifanya kitangaze sukari imeshuka, na simu inapiga kelele usiku ambao tayari umekatwa na daku. Halafu boksi linaahidi "afya ya homoni" wakati kifaa hakipimi hata homoni moja. Anayetaka kujua insulini, leptini (homoni ya shibe) au kotisoli (homoni ya msongo) atolewe damu maabara, na saa iandikwe, maana kotisoli ya alfajiri si ya usiku, na usingizi wa Ramadhani huivuruga zaidi.

Nyota nne kati ya tano. Kimoja hudumu siku 14. Mwenye afya njema hana haja ya kununua cha pili.