Siagi ya karanga isiyo na kigandisho: ladha safi, chupa ndiyo inayotesa

Lebo ya siagi nzuri ya karanga ni fupi: karanga, chumvi, basi. Nyingi zinazouzwa na wasagaji wadogo wa Dar es Salaam na Nairobi kwenye chupa za kioo za gramu 400 ni za aina hii, na kwa ladha haziguswi. Harufu ya karanga iliyokaangwa ikaiva inapanda mara tu mfuniko unapolegea, chumvi inasikika kwa mbali, na hakuna sukari ya kufunika chochote. Halafu kazi inaanza. Juu kuna mafuta ya unene wa kidole, chini kuna tope gumu kama udongo wa mfinyanzi, na chupa yenyewe imejazwa hadi shingoni.

Mafuta kuelea si dosari, wala si dalili kwamba mtu kachakachua. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, kwa hiyo chupa ya gramu 400 ina karibu gramu 200 za mafuta. Mashine inapozisaga, mafuta hutoka, na kwa kuwa ni mepesi kuliko unga wa karanga, hupanda polepole huku unga ukishuka. Viwanda vikubwa huzuia hali hiyo kwa kuchanganya kigandisho, yaani mafuta ya mimea yaliyogandishwa, asilimia 1 hadi 2 tu, wakati siagi bado ya moto. Ikipoa, mafuta hayo huganda na kuwa kama wavu unaoshikilia kila kitu mahali pake. Siagi isiyo na wavu huo, ikikaa kwenye rafu ya duka la Kariakoo penye nyuzi 30, hujitenga haraka, maana joto hufanya mafuta yawe maji zaidi. Usagaji nao una sehemu yake: iliyopita kwenye mashine mara mbili ikalainika hushika mafuta kwa muda mrefu kuliko iliyobaki na chenga.

Lawama kubwa iende kwenye chupa. Gramu 400 za siagi hujaza karibu mililita 370, na wasagaji wengi hutafuta chupa inayolingana na kiasi hicho ili ionekane imejaa. Ukizamisha kisu tu, mafuta yanafurika, yanateremka ubavuni, karatasi ya lebo inalowa na mfuniko unateleza mkononi. Baada ya siku mbili kuna duara la mafuta kwenye rafu ya kabati. Kiasi hichohicho kikiwekwa kwenye chupa ya mililita 500 yenye mdomo mpana, usumbufu huo wote hauna nafasi. Msagaji anayeacha nafasi hiyo anastahili kuongezewa bei.

Ukishanunua chupa iliyojaa, igeuze kichwa chini kabla hujaifungua. Kaza mfuniko, isimamishe kwenye sahani, maana mifuniko mingine huvuja, uiache saa 12 hadi 24. Mafuta yatapita katikati ya tope yakipanda kuelekea kitakoni, na nusu ya kazi itakuwa imefanyika yenyewe.

Chombo cha kukorogea ni kisu butu cha mezani kinachofika chini na kubakiza mpini wa kushika. Kijiko hakifai, kwa sababu kinachota mafuta na kuyamwaga. Zamisha kisu wima, taratibu, hadi kiguse kitako. Kwangua kuta na pembe za chini, kisha nyanyua lile tope lije juu, urudie. Kuzungusha kwa kasi juujuu kunatikisa mafuta tu, na chini hapaguswi. Dakika 2 za mwanzo utaona mabonge yanayoogelea, kama vile haitachanganyika kamwe. Endelea. Kwenye dakika ya 4 au ya 5 rangi inakuwa moja, michirizi ya mafuta inapotea kwenye kioo, na siagi inashuka kutoka kwenye kisu kama utepe.

Kama hakuna hata sentimita moja ya nafasi, usibishane na chupa: hamishia yote kwenye bakuli la lita 1, koroga kwa mwiko, rudisha. Tope likigoma kabisa, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, maji yasifike kwenye mfuniko. Maji yanayochemka yanaweza kupasua kioo.

Kosa linaloharibu chupa nyingi ni kumwaga mafuta ya juu. Vijiko 3 vya chakula ni karibu gramu 40, yaani moja ya tano ya mafuta yote, na ukiyaondoa, chupa itakapofika nusu utakuwa unachimba saruji. Kama yameshamwagwa, rudishia kijiko 1 cha mafuta ya karanga au ya alizeti, ongeza cha pili ikibidi. Mafuta ya nazi yanaponza: kwa joto la Dar ni maji, lakini huganda chini ya nyuzi 24, kwa hiyo kwenye friji siagi inakuwa jiwe. Kosa la pili ni kijiko kibichi. Maji kidogo tu yakiingia, unga wa karanga unayanywa na siagi inakaza ghafla kama ugali.

Ikishalainika, iingie kwenye friji siku hiyohiyo. Baridi huyafanya mafuta kuwa mazito yasipande tena, na kwa wiki kadhaa hutahitaji kukoroga. Itoe dakika 20 kabla ya kupaka, la sivyo itachana mkate.

Dukani, inua chupa kwenye mwanga. Mstari mwembamba wa mafuta na tarehe ya karibuni ya kutengenezwa ni heri kuliko punguzo la bei. Angalia pia alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, kwani karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu na kupata sumukuvu, na hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kwa kukorogwa. Siagi yenye uchungu au harufu kama ya rangi ya kupaka ukuta, irudishe.

Kwa ladha, nyota 5. Kwa chupa iliyojaa hadi shingoni, 2.